Yah: Mwanamke Asiyejulikana

Katika miaka yote niliyosimamia masjala ya serikali, sikuruhusu jalada lolote liandikwe neno "asiyejulikana". Barua ikija bila jina la mwandishi, tuliuliza. Mama akija kumwandikisha mtoto bila kumtaja baba, tulimuuliza kwa adabu, na akikataa tuliandika "hakutajwa", jambo ambalo ni tofauti kabisa. Asiyejulikana maana yake ni mtu ambaye hakuna binadamu hata mmoja anayemfahamu, na mimi sijapata kukutana na mtu wa aina hiyo. Nimekutana tu na watu ambao mwenye kalamu hakujisumbua kuuliza habari zao.

Naliweka hili mwanzoni ili ieleweke kwa nini nilikasirika, na kwa nini baadaye nililazimika kuimeza hasira yangu yote kama mtu anayemeza mwiba wa samaki mbele ya wakwe.

Baada ya kustaafu nilirudi kwenye nyumba yangu Kibiti na kujiwekea utaratibu. Kila siku baada ya sala ya alasiri nilikaa barazani na kompyuta yangu ndogo, nikatafuta mtandaoni majina ya vijiji vya delta ya Rufiji, nione walimwengu wameandika nini juu yetu. Mara nyingi nilikuta upuuzi. Lakini siku moja utafutaji huo ulinifikisha katika tovuti ya maktaba moja ya Ayalandi, nchi ambayo mpaka siku hiyo niliijua kwa jina tu.

Sitaficha kwamba niliona wivu. Maktaba ile ilikuwa inapiga skana kila kitu cha kale cha wilaya yao na kukiweka wazi ili yeyote mwenye bando asome. Kulikuwa na barua za wakulima, ramani za makaburi, daftari ambamo watoto wa shule wa zamani waliandika hadithi walizosimuliwa na bibi zao. Kila ukurasa una namba yake. Ukurasa uliochanika umeandikwa kwamba umechanika, na kona iliyoliwa na panya imeandikwa kwamba imeliwa na panya. Mimi niliyepigana na mchwa maisha yangu yote ya utumishi niliyatazama mambo yale kama mtu mwenye njaa anavyotazama pilau la jirani.

Sasa, sababu ya vijiji vyetu kuwamo humo ni hii. Muuguzi mmoja aliyezaliwa katika wilaya ile alifanya kazi na misheni huku kwetu, miaka ya mwanzo ya uhuru. Alikuwa na kamera, na alikuwa na tabia njema ya kuandika daftari. Alipofariki, ndugu zake walilipeleka sanduku lake maktaba. Picha zake zilikuwa zimeshapigwa skana na kuwekwa mtandaoni. Daftari zake zilikuwa bado zinasubiri zamu.

Nilizifungua picha moja baada ya nyingine. Ya kwanza kunichoma ilikuwa ya dungu. Maelezo yalisema ni mnara wa kulindia mazao. Mnara! Dungu ni nyumba, bwana. Imesimama juu ya nguzo katikati ya shamba la bondeni, na mto ukifurika maji yanapita chini na watu wako juu wanapika, wanalala, wanagombana na kuzaa. Nikaendelea, hasira ikipanda, hadi picha namba arobaini na moja. Mwanamke amesimama katikati ya wanawake wenzake walioketi. Mkono mmoja uko kiunoni, mtandio umemfunika nusu ya uso, na chini yameandikwa maneno haya: mwanamke asiyejulikana, akicheza.

Niliandika barua siku hiyohiyo. Niliitunga kwa Kiswahili kwanza, kisha nikaihamishia Kiingereza, maana hasira yangu hukaa vizuri zaidi katika Kiswahili. Niliweka kumbukumbu namba. Niliweka kichwa cha habari kwa herufi kubwa, kwamba yahusu marekebisho ya maelezo ya picha. Nilieleza kuwa dungu si mnara, na kwamba hakuna mtu asiyejulikana. Nikasaini kwa cheo changu cha zamani, nikaongeza "mstaafu" kwa ajili ya ukweli.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mtunza nyaraka wao, mwanamke, alinianza kwa jina langu la kwanza, bila hata Bwana, kana kwamba tumechunga mbuzi pamoja. Alinishukuru mara nne katika barua moja. Aliniarifu kwamba kwao mvua inanyesha, akaomba nimweleze dungu kwa urefu. Nilidhamiria kumjibu kwa ukali. Nilijikuta nimemwandikia kurasa tatu, na mchoro wa ngazi. Juma lililofuata maelezo yalikuwa yamebadilishwa, na chini yake imeandikwa ni nani aliyesahihisha. Mke wangu alisema nilitembea siku nzima kama jogoo aliyetagiwa yai.

Basi ikabaki namba arobaini na moja, na hapo sina budi kumleta mtani wangu.

Mtani wangu ni mwanamke wa rika langu, jirani yangu wa ua kwa ua. Yeye ni mtu wa mto, mimi ni mtu wa milimani, kusini kule, na kama ilivyo desturi baina ya watu wa mto na watu wa milimani, ana haki ya kunitukana mbele ya mtu yeyote na mimi sina haki ya kukasirika. Haki hiyo anaitumia ipasavyo. Mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado mchanga wa kunyonya, akalelewa na mama mdogo. Hakuwa na picha ya mama yake. Alikuwa na kipande cha pindo la kanga yake tu, chenye maua ya korosho, alichokifungia sandukuni pamoja na udi. Tangu nimfahamu, kitu alichokuwa akikitamani ni kimoja: kumwona mama yake, hata mara moja.

Jioni moja alipita barazani kuomba chumvi, akachungulia kompyuta.

"Mzee wa mafaili, leo unawasumbua kina nani?"

"Waayalandi."

"Maskini. Wamekukosea nini? Wamekosa mkato?"

Nikamgeuzia kioo aone. Alitazama picha namba arobaini na moja, chumvi mkononi, akatazama tena. Kisha akaketi bila kukaribishwa, jambo la kawaida, na akasahau kunitania, jambo ambalo si la kawaida.

"Mama mdogo alikuwa akiniambia," alisema mwishowe, "mama yako alisimama hivi. Mkono kiunoni. Bega la kushoto limeshuka, kwa sababu ya kuzoea kubeba mtungi upande huo. Kama anayemsubiri mtu amwombe radhi."

Mwanamke wa kwenye picha alikuwa amesimama hivyohivyo.

Sikumruhusu, wala sikujiruhusu, kushangilia. Nilifungua jalada. Kwanza tulilinganisha kanga: alileta kile kipande cha pindo, tukakiweka kando ya kioo, na maua ya korosho yalikuwa yaleyale kwa ukubwa na kwa mpangilio. Pili, kijiji kilichotajwa kwenye picha kilikuwa ndicho kijiji cha mama yake. Tatu, nilipanda bodaboda hadi Dimani kumtafuta bibi mmoja mzee sana aliyekuwa shoga wa marehemu usichanani, kabla bibi huyo hajaolewa na kuhamia mbali. Alishika simu yangu karibu na jicho lake zima. Nilimwamkia, nikamweleza, nikamwomba asiseme jambo asilokuwa na hakika nalo.

"Hakika gani tena?" alifoka. "Huyo si yeye? Uso umefunikwa, lakini mtu haangaliwi uso tu. Tazama bega! Nani mwingine alikuwa na bega lile? Ni yeye, mjukuu wangu, ni yeye." Na akakipapasa kioo kwa kidole mpaka picha ikapotea.

Ushahidi wa aina tatu unatosha ofisi yoyote. Niliandika barua ya pili. Maktaba ikaweka jina la marehemu, jina kamili, na ubini wake, mahali palipokuwa na lile neno nililolichukia. Nilichapisha picha katika duka la stationari karibu na stendi, kubwa, kwenye karatasi nzito, nikaitia fremu. Mtani wangu aliitundika ukutani sebuleni mwake, akarudi nyuma hatua mbili, akafunga mtandio wake vizuri.

"Shikamoo, mama," alisema.

Nilitoka nje. Alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na alikuwa hajapata kulisema neno hilo kwa mtu huyo.

Ikapita miezi kadhaa. Mimi na yule mtunza nyaraka tuliendelea kuandikiana. Mimi sasa nilikuwa namuuliza hali ya mvua, na yeye alikuwa ameanza kuweka kumbukumbu namba kwenye barua pepe zake, kwa utani, nadhani. Kisha siku moja ikaja barua yake isiyo na utani hata kidogo. Zamu ya daftari za muuguzi ilikuwa imefika. Walikuwa wamezipiga skana, na katika mojawapo walikuta ukurasa unaotaja picha namba arobaini na moja. Alinitumia ukurasa huo, na akaniandikia kwamba hatabadilisha kitu chochote katika tovuti mpaka nitakapokuwa nimezungumza na familia.

Nilisoma mwandiko wa yule muuguzi, uliolala kama mpunga baada ya upepo. Aliandika kwamba alikwenda kijijini kwenye arobaini ya mwanamke aliyekuwa amemhudumia na kushindwa kumwokoa. Alikuta watu wamekaa kwa huzuni. Kisha akatokea mwanamke amevaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anawafokea watu kwa sauti ya marehemu, na waliofiwa wanacheka hadi machozi. Muuguzi alidhani ni ukatili, akataka kuondoka. Akaelezwa kwamba huyo ni mtani, mtu wa milimani, na kwamba ndiyo kazi yake. Akapiga picha.

Nilifunga kompyuta. Nilikuwa nimelisajili jina la marehemu juu ya mtu aliyekuwa akimwigiza marehemu.

Na nilikosaje kuliona jambo hilo! Katika picha ileile, nyuma ya yule mwanamke, kuna masufuria makubwa ya shughuli na mkeka mrefu wa matanga. Nilikuwa nimeviona vyote na kuvipita. Desturi yenyewe naifahamu, nimeishuhudia utotoni. Siku hizi imepungua, masheikh wengi hawaipendi, na mtu akiacha kukiona kitu hukisahau hata kikiwa mbele yake. Maktaba ya ugenini ilipoandika kwamba ni mtu asiyejulikana, ilikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko mimi mwenye ushahidi wa aina tatu. Kosa langu lilihitaji mwenyeji. Mgeni asingeweza kulifanya, kwa kuwa mgeni hakulijua lile bega.

Nilimweleza mke wangu.

"Mwache na picha yake," alisema. "Nani anaumia?"

"Kumbukumbu inaumia."

"Kumbukumbu haina mama."

Kwa siku nne sikufanya kitu. Nilipita uani kwa mtani wangu nikiangalia chini. Siku ya tano aliniita ndani. Alikuwa amesimama mbele ya ile fremu na kioo kidogo cha mkononi.

"Njoo uone, mzee wa mafaili. Kidevu. Hicho kinachoonekana chini ya mtandio. Si changu hiki? Maisha yangu yote nimejiuliza kidevu hiki nimekitoa wapi."

Hapo nilijua kwamba siwezi kuendelea. Akimwamkia mama yake kwa kulitazama bega, bega kweli lilikuwa la mama yake, hata likiwa limeazimwa. Lakini kidevu kilikuwa cha mtu mwingine kabisa. Nilimwomba aketi. Nilimweleza yote kwa mpangilio, tangu daftari hadi arobaini, nikamsomea ukurasa, nikautafsiri sentensi kwa sentensi. Sikujitetea.

Alikigeuza kile kioo kikaelekea chini.

"Walicheka?" aliuliza.

"Ameandika walicheka hadi machozi."

"Hadi machozi."

"Ndivyo alivyoandika."

"Basi alipendwa," alisema. "Mtu asiyependwa haigizwi. Utajuaje bega lake lilivyoshuka kama hukuwa unamtazama?" Akanyanyuka, akaisogelea picha, akaitazama kwa jicho jipya, kama mtu anayetazama mgeni aliyeleta barua. "Kumbe wewe ni wa kwao huyu," alimwambia yule mwanamke wa ukutani, akinionyesha kwa kidole. "Mtu wa milimani. Nimekuamkia shikamoo miezi yote hii, na umeniitikia kimya bila haya! Ndivyo mlivyo."

Nikacheka, na yeye akalia, kisha tukabadilishana.

Nilipoona ametulia nilimuuliza kama nimwondolee picha. Alinitazama kama nimemtukana nje ya utani.

"Uniondolee nini? Hakuna mtu mwingine aliyeniletea mama yangu anavyosimama. Ibaki. Lakini wewe umekosea. Andika kwamba umekosea."

"Nitaandika kwamba yamepatikana maelezo mapya."

"Andika kwamba umekosea, mzee wa mafaili. Kwa herufi zako kubwa."

Katika utumishi wangu wote niliandika maonyo, madokezo, taarifa na vikumbusho. Sikuwahi kuandika kukiri kosa, kwa sababu, kwa maoni yangu ya wakati ule, sikuwahi kulifanya. Niliandika barua ya tatu yeye akiwa ameketi pembeni. Nilieleza kwamba barua yangu ya pili ifutwe, kwamba kosa ni la mwandishi peke yake, na kwamba maelezo ya picha yasomeke kama alivyoyasema mtoto wa marehemu kwa kinywa chake: mtani, mtu wa milimani, akiwaonyesha waliofiwa namna marehemu alivyosimama, kanga ni ya marehemu, bega ni la marehemu, jina la mtani halijapatikana. Kwenye hayo maneno ya mwisho kalamu iligoma kidogo. Nimeuliza Nyamwage, nimeuliza Dimani, nimeuliza jamaa zangu wa milimani, na mpaka naandika haya, jina la mwanamke yule halijapatikana. Naendelea kuuliza.

Mtunza nyaraka alijibu kwamba ameliweka kama lilivyo, bila kubadili hata neno. Akaongeza kwamba katika makusanyo yao wenyewe, masanduku machache tu kutoka lile la muuguzi, wana barua za maaskofu wa kale wakiwakataza waumini wao kucheza michezo na kufanya maigizo usiku wa kukesha na maiti. Watu waliendelea kucheza, na ndiyo maana maaskofu waliendelea kuandika. Alisema kwamba bibi yake yeye alikuwa hodari wa michezo hiyo. Nilimsomea mtani wangu barua hiyo.

"Waambie nimewapokea," alisema. "Nao ni watu wa milimani?"

"Wana vilima, ndiyo."

"Nilijua."

Kisha akaleta habari ambayo sikuitarajia. Alisema kwamba kwa kuwa mimi ni mtani wake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemleta yule mwenzangu sebuleni mwake, siku yake ikifika nitavaa kanga yake. Hakuniomba, aliniarifu. Nilimkumbusha kwamba mimi ni mtu mwenye heshima zangu, mstaafu wa serikali, na huvaa suruali yenye mkunjo hata nikiwa nyumbani.

"Ndiyo maana watacheka," alijibu. "Ila uniangalie vizuri. Sitaki wajukuu waje waseme bibi alikuwa hivi, kumbe ni wewe umekosea tena."

Tangu siku hiyo, jioni akipita uani kwenda bombani, hutembea polepole kuliko kawaida. Hugeuka, ndoo kichwani, akauliza umeandika? Nami hujibu, nimeandika. Na ni kweli. Nimefungua jalada. Mguu wa kulia hutangulia kidogo kwa nje. Akikasirika huinua kidevu kabla hajasema neno, na kidevu hicho, hata sasa, hatujui alikitoa wapi. Nimegundua jambo ambalo hata yeye hajui na sijamwambia: akiwa na haraka, bega lake la kushoto hushuka, ingawa hajabeba mtungi upande wowote. Mama mdogo aliyemlea, nadhani, alisimama vile pia, au labda alimwonyesha mara nyingi sana.

Ijumaa iliyopita mke wangu alikuwa amekwenda sokoni. Nilifunga mlango wa chumba, nikachukua kanga mojawapo ya zake, nikajifunga. Nilisimama mbele ya kioo cha kabati. Niliweka mkono kiunoni. Nilitembea hadi dirishani na kurudi, mguu wa kulia nje kidogo, nikageuka kama aliyebeba ndoo, nikasema umeandika? kwa sauti yake.

Sikusikia mlango. Mke wangu alikuwa amesimama pale na kikapu cha mchicha, ananitazama. Nilitaka kueleza, kwa mpangilio, kuanzia mwanzo. Aliweka kikapu chini.

"Bega la kushoto," alisema. "Lishushe zaidi."

Nilirekebisha.